Makochi Yaliyozunguka Nyumba Kumi na Moja

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata Jumatatu asubuhi, na kufikia saa nne Fundi Marinda alikuwa amelisoma mara tatu. Halikuwa refu. Lilisema kwamba kufuatia tathmini ya hali ya kaya, kata hii imeonekana kuwa na maendeleo ya kuridhisha, na hivyo inaondolewa kwenye orodha ya maeneo yanayopewa ruzuku ya kila mwezi. Ruzuku ingekoma mwisho wa mwezi. Mwenye malalamiko akate rufaa ofisi ya wilaya ndani ya siku thelathini.

"Kuridhisha," alisema kwa sauti, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Kumridhisha nani? Nani kati yenu hapa ameridhika?"

Mwanamume mmoja nyuma yake alicheka, akidhani ni mzaha. Fundi aligeuka akamtazama mpaka kicheko kikamkauka mdomoni.

Inafaa ieleweke mapema kwamba Fundi Marinda mwenyewe hakuwahi kupokea ruzuku hiyo hata mwezi mmoja. Miaka sita nyuma, makarani walipopita kuandikisha kaya masikini, walimkuta barazani na cherehani yake, wakamwona ana kazi, wakampita. Hakuwalaumu. Lakini katika kata nzima hakukuwa na mtu ambaye angeumizwa na karatasi ile kama yeye. Shule zilikuwa zifunguliwe baada ya wiki tisa, na wateja wake karibu wote walikuwa akina mama wa ruzuku.

Ushonaji alifundishwa na shangazi yake akiwa na miaka kumi na minne. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi ya viraka. Alibadilisha zipu, alipunguza suruali za marehemu zimtoshe aliyerithi, aligeuza kola za mashati, upande uliochakaa ukaenda ndani. Nguo mpya alishona za harusi na za maiti tu. Sare ya shule ilivaliwa na mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu, na ilipomfikia wa nne ilikuwa nyepesi kama chujio. Fundi alikuwa na mkono wa ajabu wa marinda. Sketi yake ungeweza kuifua mwaka mzima na mikunjo ikabaki imesimama. Jina alilipata hapo. Lakini mkono mzuri bila wateja ni mkono tu. Alikuwa akikaa barazani tangu asubuhi, mguu kwenye pedali usiokanyaga kitu.

Kisha ruzuku ikaanza. Redioni walisema inatokana na kodi za mikoa yenye viwanda na maghorofa, na kwamba mikoa iliyoachwa nyuma lazima isaidiwe isogee. Mwezi wa kwanza hakuona tofauti. Mwezi wa tatu alikuja Mama Pacha, jirani wa nyumba ya nne, na hela zimefungwa kwenye pindo la kanga, akaagiza sketi mbili za chekechea kwa pacha wake.

"Mpya zote mbili?" Fundi aliuliza, maana hakuamini.

"Zote mbili, siku moja, kitambaa kimoja. Nimechoka kusikia wanavyopigana kila asubuhi nani avae yenye kiraka."

Ndivyo ilivyoanza. Mwaka wa pili alinunua cherehani nyingine. Mwaka wa nne zilikuwa nne, na baraza likazungushiwa ukuta likawa karakana. Wanawake watatu waliajiriwa, mmoja wao mwenye vidole vyepesi ambaye kazi yake ilikuwa matundu ya vifungo peke yake, na alikuwa akiyatoboa na kuyashona huku anasimulia umbea bila kutazama chini. Nje, mtu akafungua kibanda cha nyuzi na vifungo. Jirani yake akaanza kuuza chai kwa ajili ya mafundi na waliokuja kupimwa. Mshona viatu akahamia hapo hapo, kwa kuwa anayenunua sketi huwa anatazama pia miguu ya mtoto. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye orodha. Hela ilikuwa ikiingia kwa Mama Pacha na kupita mikononi mwa watu watano kabla haijapanda basi kwenda mjini.

Na ilipanda basi kweli. Kila miezi mitatu Fundi aliagiza majora ya kitambaa cha bluu, kijivu na cheupe kutoka ghala moja kubwa la mji mkuu wa mkoa tajiri, ambako mdogo wake wa kiume alikuwa mtunza stoo.

Sasa habari ya makochi, ambayo ndiyo iliyomfanya Fundi asilale vizuri mwezi ule.

Miezi miwili kabla ya tangazo, gari la kipaza sauti lilipita mitaani likisema wadadisi wa serikali watatembelea kaya kuangalia maendeleo. Neno hilo, maendeleo, ndilo lililoharibu kila kitu. Akina mama walikusanyika karakana kulijadili. Mama Pacha, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema, "Miaka sita wanatupa hela. Wakija wakatukuta tumekaa chini, watasema tumezila."

"Si tumezila kweli?" mwenye matundu ya vifungo alisema. "Ulitaka tuzipande?"

Wakacheka, lakini walikubaliana na Mama Pacha. Mgeni wa serikali hakaribishwi kwenye mkeka. Ukipewa, unaonyesha shukrani, na shukrani inaonekana sebuleni. Shida ni kwamba katika safu ile ya nyumba kulikuwa na seti moja tu ya makochi, ya nesi mstaafu aliyeinunua kwa kiinua mgongo chake, naye tangu siku hiyo wote walimwita Mama Makochi. Kulikuwa na televisheni moja pia, iliyokufa. Ratiba ya wadadisi ilibandikwa: nyumba hii asubuhi, ile mchana, ile kesho. Basi makochi yakaanza safari. Yalibebwa na watu wanne kupitia uani, nyumba hadi nyumba, nyumba kumi na moja kwa siku tatu, televisheni ikifuata nyuma kwenye toroli.

"Watayatambua," Mama Makochi alisema siku ya kwanza, akiwa na hofu kwa ajili ya makochi yake kuliko kwa ajili ya watu. "Hao wana macho. Kochi jekundu nyumba hii, kochi lile lile jekundu nyumba ile."

Hapo ndipo Fundi Marinda alipoingia. Kwa mabaki ya vitambaa, usiku na mchana wa siku mbili, alishona seti nne za makava: maua, kijivu, mistari ya kijani, na moja ya bluu yenye frili chini, kwa madaha tu. Hakumtoza mtu. Alifanya kazi ile kwa furaha kubwa. Alikagua mishono, alivuta pembe, aliwafundisha wabebaji namna ya kuvua na kuvisha kwa dakika tano. Katika nyumba ya saba makochi yaliingia mlango wa nyuma wakati mdadisi anagonga wa mbele, na baba mwenye nyumba aliketi akihema hivi kwamba aliulizwa kama ana pumu, akajibu ndiyo, ikaandikwa. Walicheka wiki nzima kwa ajili ya pumu ile.

Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika makochi, mahali pa televisheni, na mahali pa hali ya afya. Makochi yalihesabiwa mara kumi na moja.

Ile Jumatatu, baada ya kurudi kutoka ofisi ya kata, Fundi aliketi mbele ya cherehani yake na hasira ambazo hakujua azielekeze wapi kwanza. Aliwakasirikia wadadisi waliopima umasikini kwa samani. Aliwakasirikia waliotuma gari la kipaza sauti kutangaza maendeleo badala ya kusema wazi wanachokuja kuhesabu. Aliwakasirikia majirani. Na kila alipomaliza kuwakasirikia wengine alijikuta amerudi kwenye frili ya bluu.

Mchana alimpigia mdogo wake.

"Dada, shikamoo. Nimesikia. Huku nako wametangaza redioni, kata thelathini na mbili zimetolewa."

"Marahaba. Umesikia halafu?"

"Halafu nini? Msinune. Huku kila mwezi mshahara ukija umeshanyofolewa. Jamaa stoo leo wamefurahi, wanasema angalau sasa tutapumua, tumechoka kulea watu."

"Kulea watu."

"Mimi nakuambia wanavyosema."

"Na wewe ulisema nini?"

Fundi alisikia sauti ya majora yakitupwa sakafuni huko ghalani.

"Nikuulize," Fundi alisema. "Lile kabati lako la kumbukumbu za stoo, hebu litazame. Mwaka jana mimi peke yangu nilichukua majora mangapi ya bluu?"

"Mengi, dada, lakini wewe ni fundi mmoja."

"Kata thelathini na mbili zina mafundi wangapi? Hao wote wanachukua wapi kitambaa, mbinguni? Hela mnayolia inawatoka huko, inazunguka huku wiki mbili, inarudi hapo hapo ulipokaa. Mnalipwa kwa kunifungia mimi majora, halafu mnasema mnanilea!"

"Usinifokee. Mimi siyo serikali."

"Ungekuwa serikali ningekuja kukufokea ana kwa ana," alisema, akakata simu, kisha akakaa akiitazama kwa uchungu, maana ndiye ndugu pekee aliyebaki naye.

Wiki ile wateja sita walikuja kuondoa oda zao. Hawakuja na maneno makali. Walikuja na aibu, jambo ambalo lilimwumiza zaidi. Mmoja aliuliza kama ile sketi ya mwaka jana inaweza kuongezewa kitambaa kiunoni. Mwingine alimletea sare ya kaka mtu, akaomba viraka vya ndani visionekane. Fundi alivipokea vile viraka kama mtu anayerudishiwa kifungo cha jela alichodhani amemaliza. Wiki ya pili alimwambia yule wa matundu ya vifungo apumzike kwanza. Mwanamke yule alikunja aproni yake vizuri, akaiweka juu ya kiti chake. Muuza chai naye akaacha kuja. Watu wawili hawatoshi kuwashia moto.

Siku zilizobaki za rufaa zilikuwa kumi na tano alipowaita wenye nyumba kumi na moja.

"Nitasema kwa kifupi," aliwaambia. "Twende wilayani tukaseme makochi yalikuwa ya mtu mmoja. Wahesabu upya. Wakihesabu ukweli, tunarudi."

Walimtazama kama amewaambia wavue nguo.

"Nikasimame mbele ya afisa niseme sina hata kiti?" alisema yule baba wa pumu. "Wakwe zangu wanakaa wilayani. Kesho asubuhi watakuwa wanajua."

"Wakwe zako hawajui kwamba huna kiti?"

"Wanajua. Lakini hawajaambiwa."

"Fundi, sema ukweli wako kwanza," mama mmoja akadakia. "Wewe ruzuku hupati. Unachotafuta ni soko lako. Unataka tukajidhalilishe ili wewe uuze sketi."

"Ndiyo!" Fundi alisema, na sauti yake ikapanda mpaka aliye kwenye kibanda cha nyuzi akachungulia. "Ndiyo, nataka kuuza sketi! Kuna ubaya gani? Ukinunua sketi, mtoto wako anavaa, mimi nalipa watu watatu, hao nao wananunua unga kwenye duka la nani? La mumeo! Mume wako ameuza magunia mangapi tangu wiki jana? Mwulize, usiniulize mimi."

Duka la mume wa yule mama lilikuwa limeanza kufungwa saa nane mchana.

Mama Makochi alisema kwa upole, "Na mimi mnataka niende nikaseme nini? Mimi nina pensheni yangu. Sitaki makochi yangu yaingizwe kwenye kesi."

"Useme ni yako, mama. Basi. Wewe ndiye utakayesema jambo rahisi kuliko wote."

Hawakukubaliana. Walitoka mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Aliyebaki ni Mama Pacha, ambaye muda wote alikuwa ameketi kwenye kiti cha yule wa matundu, aproni iliyokunjwa mapajani.

"Mimi ndiye niliyeanza," alisema. "Ndiye niliyesema tusikutwe chini. Nitakwenda."

Walikwenda watatu, kwa sababu asubuhi ya safari Mama Makochi alijitokeza kituoni amevaa kama anakwenda kazini enzi zake, na hakutoa maelezo.

Ofisi ya rufaa ilikuwa chumba chenye meza mbili, moja ikiwa imejaa mafaili na nyingine ikiwa na afisa. Alikuwa mtu wa makamo, mchovu, mwenye adabu. Aliwakaribisha waketi, kisha akauliza nani ni mpokeaji.

"Mimi," alisema Mama Pacha.

"Na wewe mama?"

"Mimi ni fundi cherehani. Sipokei."

"Basi wewe huna shauri hapa. Sheria inasema mlalamikaji awe mnufaika."

"Na mimi ni nani?" Fundi aliuliza. "Miaka sita watu wamenufaika wakaja kwangu, nimekuza karakana, nimeajiri, nimelipa leseni yenu kila mwaka. Leo mmekata, nimefukuza mtu. Kama mimi siyo mnufaika, nimekuwa mhanga wa kitu gani?"

Afisa alitabasamu kidogo. Alivuta faili la kata yao. "Mama, mimi nina huruma nanyi, lakini tazama. Samani zimeongezeka. Mapato ya biashara ndogo yamepanda karibu mara mbili. Hii ni habari njema. Kuna kata nyingine zina hali mbaya zaidi yenu na mfuko ni ule ule."

"Yamepanda kwa sababu gani?"

"Ripoti haisemi sababu."

"Haisemi!" Alisimama. Mama Makochi alimshika mkono, Fundi akautoa. "Mnampa mtu maji, anasimama, mnasema tazama amesimama, haya mnyang'anyeni kikombe. Mnasubiri aanguke ndipo mmrudishie, halafu mwandike amerudi nyuma kwa uvivu! Mapato yaliyopanda ni yangu mimi na muuza chai na muuza nyuzi. Yametoka mfukoni kwa huyu hapa." Alimwonyesha Mama Pacha. "Mkimkata yeye mmetukata wote, na ripoti ya mwakani itawaambia hivyo, ila mwakani mimi nitakuwa barazani na viraka."

Kisha akafungua mfuko aliokuja nao, akamwaga mezani seti nne za makava, juu ya faili.

Ilichukua dakika kadhaa afisa kuelewa. Mama Makochi ndiye aliyemweleza, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutoa taarifa za wagonjwa: hili ni kochi langu, nilinunua mwaka fulani, stakabadhi hii hapa, hili hapa kava lililovaliwa nyumba ya kwanza, hili nyumba ya nne, hili ya saba. Afisa alicheka kwanza, kicheko cha kweli, akafuta macho. Alipofikia frili aliacha kucheka.

"Mnajua kwamba hii ni kutoa taarifa za uongo kwa serikali?"

"Tunajua," alisema Mama Pacha. "Sisi tunakaa chini. Nina mikeka miwili na ndoo. Nilimwona yule binti mdadisi amevaa viatu vizuri, nikaona aibu. Basi."

Afisa aligeuza kalamu mkononi. Alisema anaweza kuamuru uhakiki wa nyumba hizo kumi na moja, na nyumba hizo zikishuka, wastani wa kata unashuka chini ya mstari wa umasikini. Lakini hawezi kuandika kwamba taarifa zilijiharibu zenyewe. Lazima kuwe na mtu anayekiri kwa maandishi kwamba ndiye aliyeandaa udanganyifu. Na akamweleza Fundi waziwazi, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, kwamba jina likiingia pale, mwenye jina haruhusiwi kuuza chochote kwa taasisi ya serikali kwa miaka mitatu.

Fundi alilijua hilo kabla hajaambiwa. Zahanati ya kata ilikuwa imempa oda ya mashuka sitini ya vitanda na mapazia. Oda hiyo ndiyo pekee iliyokuwa ikizizungusha cherehani mbili zilizobaki zikifanya kazi, na iwapo ruzuku isingerudi, ndiyo ambayo ingemfikisha mwisho wa mwaka. Akisaini, anaipoteza leo. Akikataa, ana mashuka sitini, na baada ya hapo hana kitu.

"Nisaini mimi," Mama Pacha alisema.

"Wewe ulishona?" Fundi alimjibu kwa ukali. "Kaa chini."

Alisaini. Hakuwa na uso wa ushujaa. Alikuwa na uso wa mtu anayelipishwa nauli mara mbili na kondakta anayejua kwamba ameshalipa. Aliuliza kama kuna nafasi ya kuandika kwa nini walifanya hivyo. Afisa aligeuza fomu upande wa pili, akaangalia, akasema hakuna.

Mdadisi wa uhakiki alikuja wiki iliyofuata bila gari la kipaza sauti. Wenye nyumba kumi na moja walikuwa wameshasikia nani alisaini na alichopoteza, na kwa kuwa ni vigumu kubaki na aibu yako wakati mtu mwingine ameshaivaa, walifungua milango. Mdadisi aliketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, akaketi kwenye kreti, akasimama. Baba wa pumu peke yake ndiye aliyesema makochi yake yamepelekwa kwa fundi kutengenezwa mguu, na mkewe akiwa nyuma ya pazia akasema, "Mwongo huyo, andika mkeka."

Wakati wakisubiri majibu, mdogo wake alipiga simu. Ghala lilikuwa limewarudisha nyumbani nusu ya wapakizi, na yeye amewekwa siku tatu kwa wiki. Kitambaa cha sare kilijaa stoo hadi dari. Kila mwaka miezi hii huwa hawalali.

"Hao waliofurahi kwamba watapumua, wamepumua?" Fundi alimwuliza.

"Dada, usinisimange."

"Sikusimangi. Nauliza. Wanapumulia nyumbani?"

"Wawili wako nyumbani. Hawajui kwamba ni jambo lile lile. Wanamlaumu tajiri."

"Waambie."

"Nikiwaambia watasema nawatetea ndugu zangu."

"Ni kweli unatetea ndugu zako. Na mshahara wako. Waambie hivyo hivyo, vyote viwili." Safari hii Fundi hakukata simu. Walikaa hivyo, kila mmoja akisikiliza ukimya wa mahali pa kazi pa mwenzake, mpaka salio likaisha.

Kata ilirudishwa kwenye orodha wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Tangazo jipya lilibandikwa juu ya lile la zamani, likasema kwamba kata imerejeshwa kwa kipindi cha mwaka mmoja, kisha hali itaangaliwa tena. Watu walipiga makofi. Fundi alisoma mstari wa mwisho mara tatu, akaondoka kabla ya wenzake.

Mashuka ya zahanati alipewa fundi wa wilayani. Yule wa matundu ya vifungo alitumiwa ujumbe arudi. Alijibu kwamba ameshakwenda mjini kufua nguo katika nyumba za watu, na mwajiri wake hampi ruhusa. Fundi alitoboa matundu mwenyewe, polepole, akijichoma.

Siku ya ruzuku, mtu wa kwanza kuingia alikuwa Mama Pacha na watoto wake wawili. Miaka mitano mfululizo alikuwa akiagiza sketi mbili kwa kila mtoto, ya kuvaa na ya kubadilisha. Fundi alianza kuandika nne.

"Mbili," Mama Pacha alisema. "Moja moja."

"Hela si imekuja?"

"Imekuja. Mwakani je?" Alimvuta mtoto wa kwanza mbele. "Na kiuno kiache kipana, nitatia pini. Chini uweke upindo mkubwa, Fundi. Mkubwa kabisa. Nitakuwa naufumua kila anapokua. Nataka ifike hadi darasa la saba, maana hawa watu huwajui."

Fundi alimtazama mtoto, mwembamba, wa darasa la tatu. Upindo wa kutosha hadi darasa la saba ni upana wa kiganja na zaidi. Ungeyaua marinda yote, sketi ingening'inia kama gunia. Alitaka kumwambia hivyo. Alitaka kusema kwamba kwa hesabu hiyo, ya sketi moja kwa miaka minne, hatahitaji cherehani ya tatu wala ya nne, na ghala la mdogo wake halitahitaji wapakizi wake, na hela waliyorudishiwa itakaa chini ya godoro ikisubiri mwaka mbaya. Lakini Mama Pacha alikuwa na haki ya kuogopa, na hasira ya Fundi haikuwa na mahali pa kukaa katika chumba kile, kati ya watoto wawili waliosimama na mikono imenyooshwa pembeni.

Akapiga magoti, akabana tepu kifundoni mwa mtoto.

"Simama wima," alisema, kwa ukali kuliko alivyokusudia, akaandika kipimo cha mtoto wa miaka kumi na tatu.